Nunziata na Miguu Isiyosikia

Jumanne moja ya Novemba 1973, saa nne asubuhi, Nunziata Ruocco alitoka kununua mkate akarudi na sapatu moja. Hakujua. Alikuwa amekwisha kulipita duka la makaa na sanamu ya Bikira pale kona, mguu wa kushoto ukikanyaga mawe yaliyolowa mvua, mawazo yake yote yakiwa kwenye maharage aliyoyaacha jikoni. Aliyemsimamisha ni wifi yake Ersilia, dada wa mumewe, aliyekuwa amekaa mlangoni pake akichambua mboga.

"Nunzia, siku hizi unatembea peku kwa nadhiri, au umelewa asubuhi yote hii?"

Nunziata akatazama chini. Soksi ilikuwa imelowa mpaka kwenye kifundo. Kidole gumba kilikuwa kimetokeza nje, na kilikuwa kinatoka damu. Alikitazama kama mtu anavyotazama kitu cha jirani kilichoachwa mlangoni pake.

"Imenivuka wapi?"

"Unaniuliza mimi? Mguu ni wako."

Aliirudia njia yote mpaka akaiona ile sapatu katikati ya barabara, hatua chache tu kutoka kwa muuza mkate. Kwa hiyo alikuwa ametembea karibu mtaa mzima.

Ugonjwa huo ulikuwa umeanza polepole, mwezi wa Septemba, wakati mji wote wa Napoli ukiogopa kipindupindu na watu wakinawa mikono kwa ndimu. Ncha za vidole vya miguu zilianza kumchomachoma, kama mtu aliyekalia mguu muda mrefu kisha akasimama. Lakini aliyekalia mguu hungoja kidogo tu, mguu ukaamka, mambo yakaisha. Kwake hayakuisha. Vile vijisindano vilipanda wiki hadi wiki. Oktoba vilifika kwenye vifundo, na kule vidoleni vilikoanzia kukawa kimya kabisa. Hicho ndicho kilichomtisha. Kuchomwa alikuwa anakuvumilia. Asichoweza kukivumilia ni ule ukimya uliofuata. Na ilikuwa miguu yote miwili, kwa kipimo kimoja, kama soksi mbili alizovalishwa na mtu asiyemwona.

Wakati huo Nunziata alikuwa na miaka arobaini na sita. Yeye, mumewe Aniello na binti yao Lia walikaa kwenye chumba kimoja cha chini katika mtaa wa Sanità, chumba ambacho mlango wake ndio dirisha lake. Miaka ishirini alikuwa ameshona glavu nyumbani, kama mama yake. Kazi ya glavu ilipopungua, akaja Bwana Sabatino na pikipiki yake ya magurudumu matatu, akaleta marobota ya ngozi za viatu. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: unapaka gundi kwa brashi, unakunja ukingo wa ngozi, unabandika bitana, unaning'iniza kwenye kamba. Kamba zilivuka chumba kutoka ukuta hadi ukuta, juu ya jiko na juu ya kitanda. Mama alikaa upande mmoja wa meza, Lia upande wa pili, na katikati yao kopo la gundi likiwa wazi tangu asubuhi mpaka jioni.

Gundi ile haikupenda upepo. Upepo ukiipata, iliota utando kabla vipande havijakutanishwa. Tena Bwana Sabatino alikuwa amewaonya kuhusu wakaguzi wa serikali, ambao alisema hunusa kazi ya nyumbani kama paka anavyonusa samaki. Kwa hiyo mlango ulifungwa, na kitambaa kikasokomezwa chini yake. Harufu ilikuwa tamu, kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Wiki ya kwanza iliumiza kichwa. Wiki ya pili kahawa iliondoa maumivu. Baada ya hapo hakuna aliyeisikia tena harufu hiyo, isipokuwa mgeni.

Hakuna aliyeitilia gundi shaka. Gundi ilishikwa kwa mikono, na kilichokufa ni miguu.

Tena Nunziata alikuwa na maelezo yake, ambayo hakumwambia mtu yeyote mpaka siku ile ya sapatu. Maelezo hayo yaliitwa Liborio.

Liborio alikuwa fuvu la kichwa. Mwisho wa bonde lile kuna pango lililochongwa kwenye mlima, na ndani yake mifupa ya maelfu ya watu wasio na majina, waliokufa kwa tauni na njaa, imepangwa kama kuni. Wanawake wa mtaa walikuwa wakienda huko kila Jumatatu, siku ya roho zilizo toharani, mahali pa kutakaswa kwa moto. Mwanamke alichagua fuvu lake, akalifuta vumbi, akaliwekea kitambaa na mshumaa, akaliombea ili marehemu apoe katika moto ule. Aliyeombewa naye humjia ndotoni, humtajia jina lake, na humsaidia. Fuvu likionekana lina majimaji, watu walisema linatoa jasho la mateso, na mwenye nalo alilikausha kwa leso yake mwenyewe.

Nunziata alimchagua wake mwaka 1954, baada ya miaka saba ya ndoa bila mtoto. Usiku wa tatu alimwona: kijana mwembamba, peku, nyayo zake zimepasuka. Alisema anaitwa Liborio, kwamba alitembea kutoka milimani kuja kutafuta mkate mjini, na akafa kabla hajaufikia. Asubuhi yake Nunziata alipiga magoti mbele ya fuvu akasema maneno ambayo hakuwahi kuyasahau: "Nipe mtoto, nami nitakuja kwako kila Jumatatu maadamu miguu yangu inanibeba."

Mwaka uliofuata alizaa binti. Alimbatiza Liboria, na mtaa ukamfupisha kuwa Lia.

Miaka kumi na minne hakukosa Jumatatu. Alienda na homa, alienda na mvua. Mwaka 1969 wakubwa wa Kanisa walisema ibada ya mafuvu ni ushirikina, na lango la pango likafungwa kwa mnyororo. Miaka michache ya mwanzo alisimama nje ya lango na kusalia pale. Halafu ikaja kazi ya gundi, na siku ambayo Bwana Sabatino alipitia mzigo uliokamilika ilikuwa Jumatatu. Nunziata aliacha Jumatatu moja, kisha ya pili. Kufikia ile Novemba alikuwa hajaenda mwaka mmoja na miezi minane.

Maadamu miguu yangu inanibeba. Hakuhitaji mtu amfafanulie.

Alipomweleza Ersilia, wifi yake hakucheka. Aliweka bakuli la mboga chini.

"Umemwacha mtu gizani karibu miaka miwili. Ulitegemea akutumie maua?"

"Lango limefungwa, wifi."

"Limefungwa kwako wewe. Yeye anahitaji lango la nini?"

Aniello, ambaye alibeba makreti kwenye soko la mboga tangu saa kumi alfajiri, hakutaka kusikia habari za mafuvu. "Unakaa kwenye kiti masaa kumi na mawili," alisema, "halafu unashangaa miguu kufa ganzi. Simama utembee."

"Nikisimama nayumba."

"Basi kaa."

Lakini jioni, akidhani mkewe amesinzia, aliichukua miguu ya mkewe mapajani akaichua kwa mafuta ya zeituni. Nunziata aliiona mikono yake ikipanda na kushuka. Hakuisikia mpaka ilipofika katikati ya muundi.

Mwezi wa Desemba mwendo wake ulibadilika. Ncha ya mguu ilianza kuning'inia, ikawa lazima ainue goti juu kana kwamba kila hatua ni ngazi, kisha mguu uanguke wenyewe kwenye mawe: pa, pa, pa. Aliichukia sauti hiyo. Alfajiri, kabla hajaamka sawasawa, alihisi kitu kimemshika vifundo vyote viwili, mshiko mwepesi wa mtu asiye na haraka. Akifunua blanketi hakuna kitu. Akilala tena, mikono ile ilirudi. Akaanza kuzungumza naye kimoyomoyo. Chukua hii miguu, Liborio, nimekwisha kuizoea. Ishia hapo.

Januari tarehe kumi na tano, wakiwa mezani, Lia aliweka brashi chini akaanza kujikuna unyayo kupitia soksi. Alijikuna muda mrefu.

"Una nini?"

"Hakuna. Kama sisimizi wanatembea ndani ya vidole. Tangu Krismasi."

"Mguu upi?"

"Yote, mama."

Nunziata alimtazama binti yake, msichana wa miaka kumi na minane mwenye shingo ndefu, aliyepaswa kuolewa Septemba na fundi wa mabomba, na akawaza jambo ambalo lilimfanya ashike ukingo wa meza. Aliyempa mtoto huyu alikuwa hajalipwa. Aliyetoa anaweza kuchukua.

Kesho yake alijikokota mpaka kituo cha afya. Tangu kipindupindu watu walikuwa wamezoea kwenda huko. Daktari Jovene alikuwa mtu wa makamo, mwenye koti lililokosa kifungo kimoja na tabia ya kuuliza swali akiwa bado anaandika jibu la swali lililotangulia. Alimchoma vidole kwa pini, Nunziata akiwa amefumba macho. Alichukua chuma chenye meno mawili kama uma, akakigonga kikavuma, akakiweka juu ya kifundo.

"Unasikia kinatetema?"

"Kinatetema?"

Akakipandisha gotini. "Na hapa?"

"Hapa ndiyo, kama nyuki."

Daktari akaanza kuuliza. Anakunywa divai kiasi gani? Glasi moja, Jumapili. Kwao kuna ugonjwa wa sukari? Hapana. Anakula nyama, mayai? Inapopatikana. Amewahi kuumia mgongo? Hapana. Alieleza, nusu akijieleza mwenyewe, kwamba mtu akikalia mguu anaubana mshipa mmoja wa fahamu, na ganzi inakaa mahali pamoja, upande mmoja. Hii ilikuwa tofauti. Inapoanzia vidoleni, pande zote mbili sawa, na kupanda, maana yake kuna kitu ndani ya damu kinachoila mishipa yote, na ile mirefu kuliko yote, inayofika miguuni, ndiyo inayokufa kwanza, kuanzia nchani.

"Kuna kitu ndani ya damu," Nunziata alirudia.

"Unafanya kazi gani, mama?"

Hapo ndipo alipokosea. Bwana Sabatino alikuwa amewafundisha wanawake wote: mtu wa serikali akikuuliza, wewe ni mama wa nyumbani. Kituo kilikuwa cha serikali, na daktari alikuwa na karatasi yenye mhuri. Nunziata akaona aibu kusema hafanyi kitu, na akaogopa kusema anachofanya.

"Nashona glavu."

"Ngozi ile inatiwa dawa?"

"Hapana, daktari. Sindano na uzi tu."

Daktari akaandika. Mkojo wake haukuwa na sukari. Akampa sindano za vitamini kumi na mbili, na kumwambia arudi baada ya mwezi.

Alipigwa zote kumi na mbili. Katikati ya Februari vidole vya mikono vilianza kuchomachoma. Lia alidondosha kikombe cha kahawa mara mbili kwa siku moja, akacheka mara ya kwanza, mara ya pili hakucheka.

"Nenda kamwone Liborio," Ersilia alisema. "Mwangukie. Ukingoja yeye ndiye aje, atakuja na jeneza."

Jumatatu tarehe kumi na nane Nunziata aliacha mzigo haujakamilika, akachukua mshumaa na leso safi, akaondoka saa tisa alasiri. Kupandisha bonde lile, ambako zamani kulimchukua robo saa, kulimchukua saa nzima. Alijishika kutani. Pa, pa, pa. Karibu na mwisho wa barabara, nyumba zinapokwisha na mlima kuanza, alisimama apumue.

Sauti ya hatua zake iliendelea.

Alisimama bila kusogea, mkono ukutani. Nyuma yake ile sauti ilikuwa inakuja, ileile: goti linapanda, kimya kidogo, mguu unaanguka. Nunziata alijua ni nani. Alikuwa anamfikiria peku, nyayo zimepasuka, akija kumchukua barabarani mchana kweupe. Alisema jina la Lia mara tatu ndipo akageuka.

Alikuwa mwanamke mnene mwenye shali ya kijivu, na mshumaa mkononi.

"Umenishtua," yule mwanamke alisema, "nimekusikia mbele yangu nikadhani ni mimi."

Walienda pamoja, wakiinua magoti kama majogoo, wala hawakutazamana. Langoni palikuwa na wengine wanne. Mishumaa ilikuwa imesimamishwa chini kati ya vyuma, na ndani ya giza mifupa ya safu ya kwanza ilionekana kidogo. Wanawake wawili walikuwa wameketi juu ya jiwe, na mmoja wao alikuwa anajichua viganja.

"Wako ni nani?" yule wa shali alimuuliza Nunziata, kama watu wanavyoulizana kijiji walichotoka.

"Liborio. Kijana. Niliacha kuja."

"Wangu ni bibi harusi. Mimi sikuacha kuja hata wiki moja. Ila nilimwibia kitambaa chake cha lesi nikakitumia kanisani kwenye kipaimara cha mwanangu. Sasa ananidai kwa miguu."

Mwingine alisema wake ni mtoto asiyebatizwa, na kosa lake ni kwamba alimsahau alipopata mtoto wa kwake. Kila mmoja alikuwa na mfu wake na kosa lake, na makosa yalikuwa mbalimbali. Nunziata alisikiliza huku akipiga ishara ya msalaba. Kisha akamwona wa mwisho, msichana aliyeegemea lango, mikongojo miwili ikiwa chini ya makwapa yake. Hakuzidi miaka ishirini na mbili.

"Na wewe, mwanangu?"

"Mimi sina, mama. Naitwa Titina, natoka upande wa pili wa mji. Sijawahi kuja huku maishani mwangu. Mama mkwe kaniambia nije nichague mmoja niombe, maana miguu imekataa kabisa."

"Hukuahidi kitu?"

"Nimwahidi nani? Simjui hata mmoja humu."

Yule wa shali akasema labda ni kosa la bibi yake. Titina akasema bibi yake anaishi, ana miaka themanini, na anapanda ngazi vizuri kuliko yeye. Mtu akacheka. Nunziata hakucheka. Alikuwa anatazama mkono wa msichana kwenye ule mkongojo. Kwenye kidole gumba na cha shahada, ngozi ilikuwa na utando wa kahawia, mgumu, unaobanduka pembeni. Akatazama mkono wa yule wa shali. Akatazama wa yule anayejichua. Halafu akaugeuza wa kwake.

"Unabandika nini?" alimuuliza Titina kwa sauti ya chini.

Msichana akatazama barabarani kabla ya kujibu. "Mikoba."

"Mlango mnafunga?"

"Si lazima ufungwe?"

Nunziata alisimama pale mpaka mshumaa wake ukaisha nusu. Alikuwa ametafuta kosa lake kwa miezi mitano na alikuwa amelipata. Sasa kulikuwa na mtu mwenye miguu mibaya kuliko yote asiye na kosa lolote, na hilo lilimwogopesha kuliko Liborio, kwa sababu Liborio angeweza kuombwa.

Asubuhi yake alikwenda kituo cha afya na Lia, na kwenye pochi yake akaweka gundi kidogo katika chupa ya dawa ya kikohozi.

"Nilikudanganya, daktari. Sishoni glavu."

Daktari Jovene alifungua chupa, akanusa, akaifunga haraka. Kisha aliuliza yote upya: masaa mangapi, chumba cha ukubwa gani, wanalala wapi. Aliposikia kuhusu kamba juu ya kitanda alivua miwani.

"Haipitii mikononi, mama. Inapitia puani. Ile harufu mnaivuta, inaingia kwenye damu, na damu inaipeleka kwenye mishipa ya fahamu. Mnaivuta mchana mkifanya kazi, mnaivuta usiku mmelala."

"Na huyu?"

Alimpima Lia kwa pini na kwa kile chuma. Lia alisikia kifundoni, lakini kidogo. Vidoleni hakusikia.

"Huyu ametanguliwa na wewe kwa miezi kama minne," daktari alisema. "Akiacha leo, mishipa inaota tena. Polepole, kama nywele. Lakini nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wanaponiacha. Mkiacha gundi leo, hamtapona kesho. Hali yenu itazidi kuwa mbaya. Miezi miwili, labda mitatu. Sumu iliyokwisha kuingia inamaliza kazi yake. Msirudi nyuma kwa sababu hiyo."

Nunziata alilitoa kopo nje siku hiyohiyo. Jumatatu iliyofuata Bwana Sabatino alipokuja, alimkuta amekaa kizingitini, mlango wazi, na marobota yote yamefungwa kamba kando yake.

"Mama Nunzia, unaniua. Nani kakujaza maneno?"

"Chukua mzigo wako."

"Gundi hiyo mke wangu anaitumia."

"Miguu yake inamsikia?"

Bwana Sabatino akapakia marobota. Kabla ya kuwasha pikipiki alisema wanaotaka kazi ni wengi, na hapo alisema kweli.

Machi ilikuwa mbaya. Aprili ilikuwa mbaya zaidi. Nunziata alikufa ganzi miguu yote miwili mpaka magotini na hakuweza tena kufunga kifungo. Lia aliyekuwa anatembea vizuri akaanza kuinua magoti, na ile sauti sasa ilitoka kwa wawili ndani ya chumba kimoja. Hakuna gundi, hakuna harufu, mlango uko wazi kutwa nzima, na bado kitu kile kilipanda. Ersilia hakulazimika kusema mengi.

"Kama ni gundi," alisema akiwa amesimama mlangoni, "mbona gundi imeondoka na yeye amebaki?"

Nunziata alikuwa na maneno ya daktari tu, na maneno ya daktari alfajiri yalikuwa mepesi mno. Mikono ya vifundoni ilimshika kila siku. Alikuwa anajua kuwa ni mishipa inayokufa. Alikuwa anaijua pia ile mikono.

Jumamosi moja ya Aprili Lia alirudi kutoka kwa shangazi yake Ersilia, akainama kumbusu. Nunziata alisikia harufu tamu kwenye nywele zake. Baada ya miezi miwili ya hewa safi aliisikia kama mgeni anavyoisikia.

"Umekuwa wapi?"

"Kwa shangazi."

"Ukifanya nini?"

Lia alikaa kitandani. "Anabandika. Bwana Sabatino kampa mzigo wetu. Mama, tumeacha na tumezidi. Mimi nimezidi. Kama si gundi, basi tunakaa bure huku baba anavunjika mgongo sokoni, na mimi naolewa Septemba bila shuka moja."

"Na kama ni gundi?"

"Wewe mwenyewe unaamini? Nakusikia alfajiri unavyoongea naye."

Nunziata hakujua kuwa alikuwa anaongea kwa sauti.

"Siamini sana," alisema. "Sikudanganyi. Nikifumba macho ni yeye, nikifumbua ni gundi. Lakini Liborio akiwa ndiye, basi anayedaiwa ni mimi, na mimi nipo, achukue. Ikiwa ni gundi, inakuchukua wewe. Kwa hiyo hutarudi kule. Ukirudi nitakufuata kwa magoti mtaa mzima, na utaona aibu."

"Utanifuata kweli?"

"Hata sasa."

Lia akamtazama mama yake, akaona hatanii, akaenda kuosha nywele.

Tangu siku hiyo Nunziata alimpima binti yake kila asubuhi. Alichomoa unyasi mmoja kwenye ufagio. Lia alilala chali, macho yamefumbwa, naye alimgusa vidole kimoja kimoja, akibadilisha mpangilio ili asibahatishe.

"Sasa?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Hakuna, mama. Umegusa kweli?"

Wiki tano jibu lilikuwa moja. Tarehe ishirini na nane Mei, Nunziata alipopitisha unyasi chini ya kidole gumba cha kulia, mguu uliruka ukampiga kidevuni.

"Unanitekenya," Lia alisema, kisha akafumbua macho.

Nunziata akarudia palepale, na mguu ukaruka tena. Akarudia mara ya tatu, ya nne, mpaka Lia akaanza kulia na kumwambia basi, inauma, inauma kama moto. Alimwita Aniello, aliyekuwa amelala baada ya zamu yake. Alikuja na suruali mkononi, akaupokea ule unyasi, akaugusisha kwenye unyayo wa binti yake, akautazama mguu ukijikunja. Halafu akatoka nje akasimama barabarani vilevile bila suruali.

Vidole vilirudi kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kilirudi kwa maumivu. Harusi iliahirishwa mpaka Februari. Ersilia aliendelea kubandika hadi Agosti, siku alipovukwa na sapatu yake mwenyewe, akaja kukaa kwenye kizingiti cha Nunziata, naye Nunziata akampisha nafasi.

Miguu ya Nunziata mwenyewe haikurudi yote. Ganzi ilibaki kuanzia chini kidogo ya goti. Alivaa viatu vya kamba vilivyobana kifundo, na alijifunza kutazama pale anapokanyaga.

Septemba alimpeleka Lia kwa Daktari Jovene kwa mara ya mwisho. Daktari aligonga kile chuma, akakiweka kidole hadi kidole, Lia akasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kwenye kidole cha mwisho cha kushoto alikawia, akasema hapana.

"Tisa kati ya kumi," daktari alisema akiandika. "Nimeridhika."

"Kimoja bado kimeshikwa," Nunziata alisema.

Daktari aliacha kuandika. "Kimeshikwa na nani?"

"Na gundi, daktari."

Daktari akarudi kwenye karatasi yake. Lia alikuwa anavaa soksi, na Nunziata alimsogelea, akapiga goti moja chini kwa shida, akakifunika kile kidole kwa mkono wake mwenyewe, kabla ya soksi kupita.